Pale Jumla Isipotimia

Mtaala mpya wa sekondari ulioanza kutumika Tanzania Januari 2024, pamoja na mkondo wake wa amali, umefufua swali ambalo walimu wa fizikia hawajapata kulijibu kwa kauli moja. Kijana anayeandaliwa kuwa fundi umeme ana haja gani ya kukaa vipindi viwili akithibitisha kwamba volti za rezista mbili zilizounganishwa kwa mfuatano, zikijumlishwa, zinalingana na volti za betri? Sheria yenyewe aliiandika Gustav Kirchhoff mwaka 1845, akiwa mwanafunzi wa miaka 21 huko Königsberg, na hakuna kidato kitakachoipindua. Wanaotaka jaribio hilo liondolewe wanasema muda wake ungefaa zaidi kufunga soketi na kuvuta waya, nadharia ikaachiwa simu. Mjadala huo umenirudisha kwenye miaka niliyoipitisha kwanza katika maabara ya shule, kisha chuo cha ufundi, kisha kwenye meza za kutengenezea redio. Kizazi chetu kilikutana na sheria hii mara tatu kwa njia hiyo, na kila mara ilikuja na sura nyingine. Nikiitazama njia hiyo kwa jumla, naona wapinzani wa jaribio wana haki kuhusu linavyofundishwa, lakini wamekosea kuhusu faida yake. Jaribio ambalo majibu yake yametimia barabara halimwachii mwanafunzi kitu. Linaanza kufundisha pale jumla inapogoma, na mwanafunzi akatakiwa aseme volti zilizopungua ziko wapi.

Maabara za sekondari za miaka ya 1980, kwa shule zilizobahatika kuwa nazo, zilifanana mno. Ubao wenye betri mbili za tochi, rezista mbili za waya uliosokotwa, swichi ya kubonyeza, na voltimita ya sindano yenye ukanda wa kioo nyuma ya sindano ili usome bila kupindisha jicho. Unapima volti kwenye rezista ya kwanza, unaiandika. Unapima ya pili, unaiandika. Unajumlisha, unalinganisha na volti za betri. Shule zisizo na maabara zilikuwa na mtihani mbadala wa vitendo, uliofanywa kwa kalamu na karatasi, na huko hata sindano yenyewe haikuonekana. Lakini waliokuwa na vifaa nao hawakuwa mbele sana, kwa sababu karatasi ya maelekezo ilitoa jibu kwenye mstari wa kwanza kabla hata swichi haijabonyezwa. Mwanafunzi akishaambiwa kwamba jumla lazima iwe volti 3, na maksi zikafuata volti 3 hizo, sindano ikimpa 2.6 atafanya nini? Atapika data. Yeyote aliyesoma sayansi katika shule zetu anajua upishi huo: daftari linajaa 1.00 na 2.00 na 3.00, tarakimu tatu safi kutoka kwenye chombo ambacho mistari yake haisomeki chini ya sehemu ya kumi ya volti, na grafu inapita juu ya kila nukta bila kuikwepa hata moja. Wasahihishaji waliyajua madaftari hayo na waliyapa maksi. Ilikuwa rahisi kumlaumu kijana kwamba hana uaminifu, kumbe utaratibu wenyewe ndio ulioulipa uongo na kuutoza faini ukweli.

Ajabu ni kwamba mtu ambaye jina lake limebandikwa kwenye somo lote hili hakuanza na majibu safi. Georg Ohm alikuwa mwalimu wa sekondari mjini Cologne. Mwaka 1825 alichapisha matokeo yake ya kwanza, yaliyopatikana kwa betri ya aina ya Volta, ambayo nguvu yake ilikuwa ikishuka kadiri alivyoitumia. Kanuni aliyoitoa ilikuwa na logarithimu ndani yake, na haikuwa sahihi. Johann Poggendorff, mhariri wa jarida la fizikia la Kijerumani, alimshauri aachane na betri ile, atumie umeme wa joto ambao Thomas Seebeck alikuwa ameugundua mwaka 1821. Ohm akaunganisha bismathi na shaba, kiungo kimoja akakiweka kwenye maji yanayochemka, cha pili kwenye barafu, akapata chanzo kisichoyumba. Mwaka 1826 alipata uhusiano aliokuwa akiutafuta, na mwaka uliofuata akatoa kitabu chake. Kinachonivutia ni sura ya kwanza ya uhusiano huo. Ohm hakuandika kwamba mkondo ni volti kugawa kwa ukinzani wa waya anaoupima. Aliandika kwamba mkondo ni a kugawa kwa b jumlisha x, ambapo x ni urefu wa waya wa majaribio, na b ni ukinzani wa kila kitu kingine kilichobaki ndani ya mzunguko: chanzo chenyewe, viungo, waya za kuunganishia. Sheria ilizaliwa ikiwa na nafasi ya vitu visivyopimwa. Vitabu vya shule baadaye viliifuta ile b ili hesabu iwe nyepesi, na kwa kuifuta vikamwacha mwanafunzi bila pa kuzitafuta volti zake zilizopotea.

Tuirudishe b mahali pake tuone inavyofanya kazi. Betri mbili za tochi zilizoanza kuchoka zinaonyesha volti 3 kamili zikipimwa peke yake, swichi ikiwa wazi. Tuseme ukinzani wao wa ndani ni ohmu 1 kwa jumla. Zikiwekewa rezista ya ohmu 2 na ya ohmu 4 kwa mfuatano, ukinzani wote ni ohmu 7, mkondo ni kama ampea 0.43, na voltimita itasoma 0.86 kwenye ndogo na 1.71 kwenye kubwa. Jumla ni 2.57. Zimekosekana volti 0.43, na mwanafunzi anayelinganisha na zile 3 alizopima mwanzo ataona sheria imevunjika mbele ya macho yake. Lakini akipima tena ncha za betri swichi ikiwa imefungwa, atakuta 2.57 hiyohiyo. Volti zilizokosekana zimeangukia ndani ya betri, kwenye kemikali zake, ambako hakuna pa kuchomeka ncha ya mita. Kirchhoff yuko salama. Rezista zilikuwa tatu na mchoro ulionyesha mbili. Betri zikizeeka zaidi, ukinzani wa ndani ukafika ohmu 3, masomo yatakuwa 0.67 na 1.33, jumla 2.00. Na hapa kuna jambo ambalo halikuwa likisemwa katika maabara zile: uwiano wa masomo hayo mawili haukuyumba hata kidogo. Ulikuwa moja kwa mbili betri zilipokuwa nzima, ukabaki moja kwa mbili zilipokaribia kufa. Kwa hiyo kugawanyika kwa volti kulikuwa kunathibitika vizuri kabisa siku ileile ambayo jumla ilikuwa inakataa, na daftari lililopikwa lilifuta yote mawili kwa pamoja.

Kinyume chake nacho kipo. Rezista za viwandani zina mistari ya rangi, na mstari wa dhahabu mwishoni maana yake ni kwamba thamani iliyoandikwa inaweza kupita au kupungua kwa asilimia 5. Wa fedha, asilimia 10. Chukua mbili zenye alama ileile ya ohmu 100, moja kumbe ni 95 na ya pili 105, zote halali kabisa kwa mujibu wa mstari wa dhahabu. Kwenye chanzo cha volti 12 kilicho imara, moja itachukua 5.7 na nyingine 6.3. Mwanafunzi aliyepiga hesabu kwa kutumia rangi alitegemea 6 na 6. Safari hii jumla imetimia, 12 haikupungua, ila mgawanyo umepinda. Chuoni ndiko wengi wetu tulikofundishwa kuyaweka mambo haya mawili kando kwa kando, na naamini hapo ndipo palipo kiini cha jaribio zima. Sheria ya jumla na kanuni ya mgawanyo, ukizipima pamoja kwenye saketi moja, zinatoa ushahidi tofauti. Jumla ikitimia na mgawanyo ukapinda, shuku maandishi yaliyo kwenye rezista. Mgawanyo ukiwa sawa na jumla ikapungua, shuku kitu kilichojificha nje ya rezista ulizozichora. Hakuna kitabu cha kidato cha tatu ninachokijua kilichowahi kuliweka hivyo, ingawa hesabu yake haizidi kugawanya na kuzidisha.

Kitu kilichojificha, hata hivyo, si lazima kiwe ndani ya betri. Kwenye meza za kutengenezea redio tulikutana na mdanganyifu mwingine, naye ni mita yenyewe. Voltimita huunganishwa sambamba na kitu inachokipima, kwa hiyo nayo ni njia ya mkondo, nayo ina ukinzani wake. AVO Model 8, chombo kilichoheshimika katika karakana nyingi zilizorithi vifaa vya Kiingereza, ilikuwa na ukinzani wa ohmu 20,000 kwa kila volti ya kipimo kilichochaguliwa: ukiiweka kwenye volti 10 inakuwa ohmu 200,000, ukiiweka kwenye 25 inakuwa 500,000. Kwa saketi za rezista ndogondogo hilo halisumbui. Lakini ndani ya redio kuna rezista za ohmu milioni moja, na huko mambo hubadilika. Chukua betri ya volti 9 na rezista mbili za ohmu milioni moja kila moja. Hesabu inasema 4.5 na 4.5. AVO kwenye volti 10 itasoma takriban 1.29. Geuza kitufe mpaka volti 25, ncha zikiwa palepale, na sindano itakuambia 2.25. Saketi haijaguswa, betri haijachoka. Aliyegusa kitu ni mpimaji, kwa kidole chake kwenye kitufe. Mita ndogo za kidijitali za aina ya DT830, ambazo leo zimejaa kwenye maduka ya vifaa vya umeme, zina ukinzani wa ohmu milioni moja tu, na zitatoa 3.00 na 3.00, namba nzuri inayotuliza moyo na iliyo mbali na ukweli kwa theluthi nzima. Mita bora zenye ohmu milioni 10 zitasoma 4.29, na hata hizo hazifiki. Tarakimu zinazowaka kwenye kioo huaminiwa upesi kuliko sindano inayotikisika, ingawa ukinzani ulio nyuma ya kioo hauna habari na imani hiyo.

Ukitazama dalili peke yake, betri iliyochoka na mita yenye ukinzani mdogo havitofautiki. Katika hali zote mbili jumla imepungua, na katika zote mbili mgawanyo uko sawa, maana mita ileile ikihamishwa kutoka rezista moja kwenda ya pili bila kubadili kipimo, inapunguza masomo yote kwa kiwango kilekile. Fundi mchanga akiishia hapo atabadilisha betri isiyo na kosa, kisha atabadilisha tena. Kipimo kimoja tu cha ziada kinawatenganisha hao wawili: ncha za betri, saketi ikiwa inafanya kazi. Zikisoma pungufu, volti zinaangukia ndani ya chanzo. Zikisoma 9 kamili ilhali rezista zinatoa jumla ya 6, mita ndiyo inayokula. Na kama chombo ni cha sindano, kugeuza kipimo kunatoa ushahidi wa pili. Nimeona mara nyingi ufundi wa namna hii ukiitwa kipaji, au mkono, au uzoefu wa miaka, na watu wakiusifu kana kwamba haufundishiki. Unafundishika. Ni jaribio lilelile la kidato cha tatu lililofanywa bila aibu ya kuandika namba isiyopendeza.

Sasa nijibu wanaosema simu inatosha. Wana hoja yenye uzito, na si haki kuipuuza. Programu ya kujengea saketi iliyotolewa na mradi wa PhET wa Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ulioanzishwa mwaka 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia, ni ya bure, haiunguzi kitu, na inamwonyesha mwanafunzi chembe za umeme zikitembea ndani ya waya, jambo ambalo hakuna ubao wa maabara unaoweza kulionyesha. Kwa kuelewa sheria, mimi ningeitumia kabla ya kugusa betri yoyote. Tatizo ni kwamba ulimwengu wa programu una vile tu alivyoviweka mtengenezaji. Rezista ya ohmu 100 ndani yake ni 100. Voltimita yake haivuti mkondo. Betri yake haina ukinzani wa ndani mpaka ufungue sehemu ya mipangilio ukauweke mwenyewe, na atakayeufungua ni yule ambaye tayari anajua kwamba kitu kama hicho kipo. Jumla itatimia kila siku, kwa kila mwanafunzi, katika kila shule. Tumekwisha kuona mahali pengine ambapo jumla ilitimia kila siku: ni kwenye madaftari yaliyopikwa. Sioni tofauti kubwa kati ya kijana anayeandika 3.00 kwa woga wa maksi na anayeisoma 3.00 kwenye skrini isiyoweza kuandika kitu kingine. Wote wawili hawajapata kuulizwa swali.

Hoja ya pili ni gharama, nayo inazungumzwa kana kwamba maabara ni jengo. Agizo la Rais Jakaya Kikwete la kila sekondari ya kata kuwa na maabara tatu, ambalo lilitikisa wilaya nyingi mwishoni mwa 2014, lilizungumzwa sana kwa lugha ya matofali na mabati, na inaeleweka, kwa sababu jengo huonekana na kuzinduliwa. Lakini jaribio la volti za mfuatano halihitaji jengo. Rezista chache hazifiki bei ya soda, betri za tochi zinauzwa kila genge, na mita moja ya bei rahisi ikizungushwa inahudumia kundi zima. Tena ule udhaifu wa mita ya bei rahisi, ambao kwa kawaida ungekuwa sababu ya kuomba fedha za mita bora, hapa unageuka kuwa kifaa cha kufundishia: shule yenye DT830 na rezista mbili za milioni moja ina somo ambalo shule yenye mita ya gharama kubwa italipata kwa shida. Betri zilizokwisha kutumika kwenye tochi za walinzi zinafaa kuliko mpya. Sisemi shule zetu zisipewe vifaa. Nasema uhaba wa vifaa haujawahi kuwa sababu ya kweli ya kufundisha jaribio hili vibaya, kwa sababu hata zilizokuwa navyo zililifundisha vibaya.

Imebaki hoja ya wale wa mkondo wa amali, kwamba fundi wa nyumba anahitaji mikono, rezista ni mambo ya wahandisi. Hoja hii ingekuwa na nguvu kama nyaya za mitaani zisingekuwa rezista. Tangu Wakala wa Nishati Vijijini uanze kazi mwaka 2007, nguzo zimefika vijiji ambavyo wazee wake hawakutegemea kuziona, na pamoja na nguzo limekuja lalamiko la umeme hafifu: taa za mwisho wa laini kufifia jioni, friji kukoroma bila kugandisha. Waya wa alumini wa milimita za mraba 50 una ukinzani wa takriban ohmu 0.64 kwa kila kilomita. Ni kitu kidogo sana mpaka ukipe mkondo. Nyumba zilizo nusu kilomita kutoka kwenye transfoma zinategemea kilomita nzima ya waya, kwenda na kurudi. Zikivuta ampea 40 kwa pamoja, volti 26 hivi zinaangukia njiani, na zilizotoka 230 zinafika 204. Huo ni mgawanyo wa volti wa rezista mbili, moja ikiwa imelala hewani juu ya nguzo na nyingine ikiwa ndani ya nyumba za watu. Fundi asiyeliona hilo atabadilisha taa, kisha soketi, kisha atamwambia mwenye nyumba kwamba friji ni mbovu. Anayeliona atapima volti usiku wa manane mzigo ukiwa mdogo, atapima tena saa moja jioni, na tofauti ya masomo hayo mawili itamwonyesha kwamba kosa halimo ndani ya nyumba. Mota nazo zina ukaidi wa peke yake katika jambo hili, kwa sababu mashine ya kusaga ikipewa volti pungufu huku ikidaiwa kazi ileile huvuta mkondo zaidi, na kwa kuvuta zaidi inaziangusha volti zaidi. Lakini hilo linahitaji makala yake.

Hatari kubwa kuliko hiyo hutokea waya wa nyutro unapokatika kwenye laini ya fezi tatu. Nyumba mbili zilizokuwa kila moja na volti 230 zake, zikitumia fezi tofauti, ghafla zinajikuta zimeunganishwa kwa mfuatano kati ya fezi na fezi, penye volti 400. Tuseme nyumba ya kwanza imewasha hita ya wati 2,300, sawa na ohmu 23, na ya pili ina taa na vifaa vidogo vya jumla ya wati 115, ambavyo tukivihesabu kama rezista ni ohmu 460. Jumla ni ohmu 483. Nyumba yenye hita itapata kama volti 19, maji yake yatabaki baridi na mwenyewe atadhani umeme umekatika. Nyumba yenye vifaa vidogo itapata 381, na ndani ya muda mfupi itanuka kuungua. Mwenye nyumba hatamwelewa mtu anayemwambia kwamba televisheni yake imeungua kwa sababu alikuwa akitumia umeme kidogo kuliko jirani, lakini ndivyo kanuni ya mgawanyo inavyosema: penye ukinzani mkubwa ndipo volti nyingi zinapokwenda. Mtaani maafa haya husemwa kuwa ni umeme kuzidi, na kila mtu humtafuta aliyeuzidisha. Transfoma haikuzidisha chochote. Ingekuwaje tukitaka kumfundisha fundi wa nyumba jambo hili bila rezista mbili na betri? Kumkatia nyutro nyumba ya watu ili ajionee?

Kuna pingamizi moja la kitaalamu ambalo nalipenda, ijapokuwa linaonekana kuidhuru hoja yangu. Nimesema kwamba jumla isipotimia kuna ukinzani uliojificha. Sivyo kila mara. Walter Lewin, katika mihadhara yake ya umeme katika chuo cha MIT, aliunganisha rezista ya ohmu 100 na ya ohmu 900 katika kitanzi kimoja kisicho na betri, akakizungusha kwenye koili ambayo usumaku wake ulikuwa ukibadilika. Mita mbili, zilizounganishwa kwenye nukta mbili zilezile lakini moja upande huu na nyingine upande ule, zilisoma volti 0.1 na volti 0.9, tena kwa ishara zinazopingana. Jumla ya maanguko ya kuzunguka kitanzi haikuwa sifuri, na hapakuwa na ukinzani wowote uliosahauliwa. Palikuwa na usumaku unaobadilika, jambo ambalo Michael Faraday alilionyesha mwaka 1831, miaka kumi na minne kabla ya Kirchhoff kuandika sheria zake. Wahandisi wamebishana sana juu ya onyesho hilo, wengine wakisema waya za mita nazo zilikuwa sehemu ya kitanzi na zilipaswa kuhesabiwa. Mimi naona ubishi wenyewe ndio faida yake. Sheria ya Kirchhoff ina masharti, na mwanafunzi aliyezoea kuiona ikitimia kwa kulazimishwa hatajua masharti hayo yanaishia wapi. Aliyezoea kuandika tofauti na kuitafutia mahali atafika kwa Faraday kwa miguu yake, siku atakapokuwa amemaliza kukagua betri na mita na viungo na bado jumla inamkatalia.

Kwa hiyo ningeomba jaribio libaki, likabadilishwa katika mambo mawili tu. Kwanza, mtahiniwa asipewe betri mpya. Apewe iliyochoka, au rezista kubwa na mita yenye ukinzani mdogo, au rezista mbili ambazo moja imefutwa rangi zake ikapewa alama nyingine. Asiambiwe ni ipi kati ya hali hizo tatu. Pili, nusu ya maksi ziwekwe kwenye safu ya tofauti, ile ambayo katika madaftari yetu ilikuwa ikijazwa sifuri kutoka juu mpaka chini, na kwenye sentensi mbili za kueleza volti zilizopungua zimekwenda wapi na ni kipimo gani kilichoonyesha hivyo. Najua pingamizi la wasahihishaji: betri za shule moja hazifanani na za shule nyingine, kwa hiyo hapatakuwa na jibu moja la kusahihishia. Dawa yake ni nyepesi. Msimamizi wa maabara achukue vipimo vilevile kwenye kila seti asubuhi ya mtihani, kabla ya watahiniwa kuingia, avitie saini na kuviambatanisha kwenye bahasha ya majibu. Msahihishaji atalinganisha karatasi ya mtahiniwa na karatasi hiyo, seti kwa seti, na atakayeandika 3.00 kwenye seti iliyosoma 2.57 atajulikana palepale.